Hasira Yenye Anwani

Muziki wa panki umejipatia sifa ya kelele, na sifa hiyo haikuja bure. Gitaa hupigwa mpaka sauti yake inachanika, dramu zinakwenda mbio, mwimbaji anafoka, na kabla hujakaa sawa wimbo umekwisha. Anayeusikia mara ya kwanza huona nyimbo zote ni moja. Kwa muda sasa jioni zangu zimekuwa za panki na ndugu yake wa karibu, roki ya indi, yaani ile ya bendi zinazojitegemea nje ya kampuni kubwa za muziki. Nasikiliza mpya na za zamani bila kuzitenga, na jambo moja limenidhihirikia: albamu ninazozirudia ni zile zinazojua ziko wapi. Mtaa una jina. Dereva wa teksi anavuta aina fulani ya sigara. Duka linatajwa, kituo cha treni kinatajwa, jengo la serikali linatajwa. Albamu inayoikasirikia dunia nzima kwa mkupuo mmoja hunichosha kabla haijafika wimbo wa nne. Hasira isiyo na anwani haimfikii mtu.

Walioniweka kwenye njia hii ni Fontaines D.C. Herufi hizo mbili za mwisho zinasimamia Dublin City, na kwa bendi hii mji haukuwekwa kwenye jina kwa urembo. Ni vijana watano waliokutana katika chuo cha muziki mjini Dublin, wakapatana kwanza kwa kupenda ushairi. Walitoa vijitabu vya mashairi yao kabla hawajawa na albamu hata moja. Albamu ya kwanza, Dogrel, ilitoka mwaka 2019. Inafunguliwa na wimbo uitwao "Big", ambao hautimizi dakika mbili, na humo Grian Chatten, mwimbaji wao, anaitwaa Dublin yenye mvua na kuitangaza kuwa yake. Anaitangaza kwa lafudhi ya Dublin, bila kuilainisha hata kidogo. Hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa miongo mingi waimbaji wa roki wa Ulaya wakishika maikrofoni walijifanya Wamarekani. Vokali zao zilivuka bahari ya Atlantiki hata kama wenyewe hawakuwahi kutoka kwao. Chatten anaimba kama watu wa mtaani kwake wanavyozungumza, na papo hapo unamjua ni nani na amesimama wapi.

Katika albamu hiyo hiyo kuna "Boys in the Better Land", na ndani ya wimbo huo kuna dereva wa teksi anayetaka Waingereza waondoke na anayevuta sigara za Carroll's peke yake. Ni mistari michache tu. Mwandishi mvivu angetueleza kwamba Waayalandi wana kovu la kutawaliwa kwa karne nyingi, kwamba vijana wao wamenaswa kati ya uzalendo na hamu ya kuhama, na sote tungekubali kwa kichwa kisha tukasahau. Hapa tunapandishwa gari. Kovu, uzalendo na kiburi vimo mle ndani pamoja na moshi, na gitaa linasukuma kwa kasi ile ile ya mtu anayeendesha huku amekugeukia anakusimulia. Mimi msikilizaji wa Afrika Mashariki, niliyekulia katika miji ambayo dereva wa matatu au daladala hukupa siasa za nchi nzima kati ya kituo na kituo, sihitaji kufafanuliwa mtu huyo ni nani.

Kisha bendi ikahama. Kufikia Skinty Fia, albamu ya 2022, wengi wao walikuwa wanaishi London, na anwani ikawa ngumu zaidi: kuwa Mwayalandi katika nchi iliyowahi kuwatawala wazee wako. Wimbo wa kwanza unaitwa "In ár gCroíthe go deo", maneno ya Kiayalandi yanayomaanisha kwamba mtu atabaki mioyoni mwetu milele, na una kisa cha kweli nyuma yake. Mama mmoja mzaliwa wa Ayalandi aliishi na kufariki Coventry, Uingereza, na familia yake ikataka maneno hayo yachongwe kwenye jiwe la kaburi lake. Mwaka 2020 mahakama ya Kanisa la Uingereza ikakataa yasiwekwe bila tafsiri ya Kiingereza, kwa hoja kwamba msomaji asiyeyaelewa angeweza kuyachukulia kuwa kauli ya kisiasa. Familia ilikata rufaa, na mwaka 2021 ikashinda.

Fontaines D.C. walikuwa na kila sababu ya kulipiga suala hilo ngumi. Badala yake wakalijenga taratibu. Sauti za kiume zinayarudia yale maneno ya kaburini kama watu walio kwenye ibada, gitaa la besi linatambaa chini yake, na Chatten anaingia kwa utulivu. Dramu zinachelewa. Zinapofika zinafika kwa nguvu, na wimbo unapanda kwa karibu dakika sita bila kuhutubu. Nimeusikiliza mara nyingi sana, na kila mara nashangaa jinsi neno linalorudiwa bila kubadilishwa linavyoweza kuanza kama maombolezo na kuishia kama madai. Albamu ile ilishika namba moja Ayalandi na Uingereza pia. Watu wa nchi iliyolikataa lile jiwe waliununua wimbo wake.

Ndiyo maana Romance, albamu yao ya 2024, imenigawa. Walihamia lebo nyingine, XL Recordings, na mtayarishaji Dan Carey aliyesimamia albamu tatu za mwanzo akampisha James Ford. Sauti imetanuka, vinanda na nyuzi vimeongezwa, viitikio vimekuwa vikubwa vya kutosha kujaza uwanja. Wachambuzi wengi wameisifu sana. Mimi naiweka ya tatu katika kazi zao, kwa sababu nyimbo kadhaa humo zingeweza kutoka mji wowote wenye fedha na mvua. Unaosimama peke yake ni "Starburster", ulioandikwa baada ya Chatten kushikwa na hofu ya ghafla katika kituo cha treni cha St Pancras, London. Katika kiitikio anavuta pumzi kwa nguvu, kwa sauti, kama mtu anayezama, na pumzi hiyo imegeuzwa kuwa sehemu ya mdundo. Kituo kinajulikana, mwili unajulikana, saa ya balaa inajulikana. Hapo wamerudi kwenye ustadi wao.

Mapenzi haya ya anwani ni ya zamani katika panki, na kwa maana halisi kabisa. Januari 1977 Buzzcocks wa Manchester, wakiwa na takriban pauni 500 za kukopa, walitoa wenyewe santuri yao ndogo yenye nyimbo nne, Spiral Scratch, kwa lebo yao wenyewe waliyoiita New Hormones. Ziliuzwa nakala 16,000 hivi. Kwenye jalada walimwambia mnunuzi kila wimbo ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi. Mwaka uliofuata Scritti Politti wa London walikwenda mbali zaidi: jalada la santuri yao lilieleza gharama za studio na za kuchapa, na pa kwenda kuzifanyia kazi hizo. Kijana wa mji mdogo aliyeshika jalada lile alikuwa ameshika maelekezo ya kutengeneza santuri yake. Duka la Rough Trade, lililofunguliwa 1976 magharibi mwa London, likawa mahali pa kuzipokea na kuzisambaza, na baadaye likawa lebo. Waliokua na redio ya taifa wanazikumbuka kadi za salamu: jina lako, sanduku la posta, kijiji, na orodha ndefu ya unaowasalimia. Majalada yale yalikuwa na heshima kama hiyo kwa msikilizaji. Yalimchukulia kuwa mtu mwenye mahali pake, anayeweza kujibu.

Siku hizi lebo nyingi zinazoitwa za indi zina ofisi kubwa na mikataba ya usambazaji na wale wale wakubwa, na sitapoteza muda kuzilaumu. Wanamuziki lazima wale. Ninachokitafuta ni kama ule uwazi wa jalada bado uko ndani ya nyimbo.

Katika kizazi kile cha 1977 hakuna ninayemrudia kama Poly Styrene. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Marianne Elliott-Said, alizaliwa 1957, baba Msomali na mama Mwingereza, akakulia Brixton, kusini mwa London. Siku alipotimiza miaka 19 aliwaona Sex Pistols, bendi ya panki ya London, wakipiga kwenye gati la Hastings, mji wa pwani, na muda si mrefu akaweka tangazo gazetini la kutafuta vijana wa kuunda nao bendi. Ikazaliwa X-Ray Spex. Alipanda jukwaani na vyuma vya kunyoosha meno mdomoni na nguo za rangi kali alizozichagua mwenyewe, wakati ambapo wanawake wa roki walitakiwa kwanza wawe warembo kwa macho ya wanaume.

Wimbo wao wa kwanza, "Oh Bondage Up Yours!", unaanza kwa sauti ya upole ya msichana anayekariri kwamba watoto wa kike waonekane, wasisikike. Halafu ukelele. Sijui ukelele mwingine katika santuri za mwaka ule unaofungua mlango kwa nguvu kama huo. Saksafoni ya Lora Logic, binti mdogo wakati huo, inapita juu ya gitaa ikiwa haijanyooka vizuri, na kutonyooka kwake ndiko kunakoupa wimbo uhai.

Albamu yao ya 1978, Germfree Adolescents, ndiyo ninayoiona kuwa albamu bora ya panki ya Uingereza, mbele hata ya zile zinazotajwa kila siku. Sababu ni mahali alipoelekeza macho. Wenzake walimshambulia malkia. Poly Styrene alitazama rafu za dukani. Aliona plastiki, rangi za kung'aa zisizo za asili, dawa za kuua vijidudu, matangazo ya biashara, na binadamu anayejitafuta katikati ya bidhaa. "Warrior in Woolworths" ni kuhusu kijana wa kawaida wa duka ambalo kila Mwingereza wa wakati ule alilijua kama anavyoijua njia ya kwao. Katika "Identity" anamuuliza msikilizaji anapojitazama kwenye kioo anamwona nani. Swali hilo, kutoka kwa binti mwenye baba Msomali katika Uingereza ya miaka ile, lilikuwa na uzito ambao wengi waliokuwa wakirukaruka ukumbini hawakuupima.

Maana ile Uingereza ilikuwa na National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, mitaani. Tarehe 30 Aprili 1978 maelfu kwa maelfu ya watu waliandamana kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, mashariki mwa London, katika tamasha la Rock Against Racism, vuguvugu lililoanza 1976 baada ya mpiga gitaa Eric Clapton kutoa maneno ya kibaguzi jukwaani. X-Ray Spex walipiga siku hiyo, pamoja na The Clash, bendi ya panki, na Steel Pulse, bendi ya rege kutoka Birmingham. Rege na panki jukwaa moja: hilo halikuwa jambo la kupangwa kwa ajili ya picha. Katika klabu ya Roxy, London, mwaka 1977 DJ Don Letts alikuwa akipiga santuri za rege kati ya bendi na bendi kwa sababu santuri za panki zenyewe zilikuwa bado hazijatosha, na masikio ya kizazi kizima yakalelewa hivyo. Poly Styrene alifariki mwaka 2011. Binti yake, Celeste Bell, alishiriki kuongoza filamu ya maisha yake iliyotoka 2021, na kutokana na filamu hiyo vijana wengi wa kike weusi walijua kwamba alikuwapo.

Ninasikia mara kwa mara, hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwamba roki ni muziki wa wazungu na kwamba anayeupenda huku kwetu anaiga. Nawaheshimu lakini siwakubalii. Detroit, mwaka 1975, ndugu watatu weusi wa ukoo wa Hackney walirekodi nyimbo za kasi na ukali wa panki kabla neno hilo halijashika. Bendi yao iliitwa Death. Mkuu wa kampuni kubwa aliwataka wabadilishe jina. David, kiongozi wao, akakataa, na nyimbo nyingi za mkanda huo zikakaa bila kutolewa hadi 2009, miaka tisa baada ya David kufariki. Washington D.C. nao walikuwa na Bad Brains, vijana weusi walioanza na jazi ya kisasa kabla ya kugeukia panki, wakaipiga kwa kasi na usahihi ambao wanafunzi wao hawajaufikia hadi leo. Albamu yao ya 1982 ilitoka kwa kaseti tu, na juu ya jalada lake la njano radi inalipiga jengo la bunge la Marekani. Mmoja wa nyimbo zake, "Banned in D.C.", unautaja mji kwenye jina. Hata jalada lina anwani.

Lakini ukoo wa muziki peke yake haunitoshi kuwa jibu, na ninaogopa kidogo mashabiki wanaoutumia kama cheti. Mtu anaweza kuwa na ukoo mzuri na wimbo mbaya. Idles wa Bristol ni mfano ninaoupima kwa uangalifu, kwa kuwa nia yao ni njema na nawatakia heri. Mwimbaji wao, Joe Talbot, anaimba kuhusu upole, kuhusu wanaume kulia, kuhusu wahamiaji. Wimbo wao "Danny Nedelko" wa 2018 unanishika kila mara, na unanishika kwa sababu umepewa jina la mtu aliye hai, rafiki yao mhamiaji kutoka Ukraine. Nyimbo zao nyingine nyingi ni kaulimbiu za kubandika ukutani. Mwaka 2019 Jason Williamson wa Sleaford Mods aliwashutumu hadharani kwa kuazima sauti ya tabaka la wafanyakazi. Naona alikuwa mkali kupita kiasi kwa watu wenyewe, ila kwa masikio yangu alikuwa amegusa kitu. Williamson alifanya kazi ofisi ya halmashauri, upande wa misaada ya kijamii, kabla muziki haujaanza kumlisha. Anaposimama na kutema maneno kwa lafudhi ya kati ya Uingereza, huku mwenzake Andrew Fearn akibonyeza kompyuta na kucheza taratibu, unaisikia foleni, fomu na sauti ya mtu wa dirishani. Amy Taylor wa Amyl and the Sniffers, kutoka Melbourne, ana karama hiyo hiyo: kiaustralia chake hakijapigwa pasi. Cartoon Darkness ya 2024 inafaa asubuhi kwa yeyote mwenye kazi asiyoipenda.

Upande wa indi wa jioni zangu ni wa polepole zaidi, ila kipimo ni kile kile. Wednesday wanatoka Asheville, North Carolina, kusini mwa Marekani, na Rat Saw God yao ya 2023 imejaa barabara za pembezoni mwa mji, maduka ya bei nafuu na aibu za ujana zinazosemwa waziwazi. Katika "Chosen to Deserve" mwimbaji wao, Karly Hartzman, anamkusanyia mpenzi wake mambo yote mabaya aliyoyafanya akiwa kijana, ili ajue anampenda nani. Chini yake linalia gitaa la chuma la muziki wa kantri, juu yake gitaa la umeme linanguruma. "Bull Believer" unapita dakika nane na kuishia kwa mayowe ambayo ndani yake maneno yanayeyuka. Mayowe ya namna hiyo huwa rahisi kuyaghushi. Hapa umeshatembezwa mtaa mzima kabla ya kufika, kwa hiyo unajua analilia nini.

Mwimbaji Bartees Strange naye amenipa mengi. Alizaliwa Ipswich, Uingereza, mwaka 1989, mtoto wa mwanajeshi, akakulia Mustang, mji mdogo wa Oklahoma ambako mtoto mweusi alionekana kutoka mbali. Mwaka 2020 alitoa mkusanyiko wa nyimbo za The National alizozipanga upya, baada ya kuhudhuria onyesho la bendi hiyo na kutazama ukumbini akaona weusi wachache mno. Kabla mwaka haujaisha akatoa albamu yake, Live Forever, na ndani yake wimbo aliouita "Mustang". Anaupenda mji, anauchukia, anautaja. "Hold the Line", kwenye albamu ya 2022, ulimjia baada ya kumwona kwenye televisheni binti mdogo wa George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi. Nyimbo nyingi ziliandikwa baada ya kifo kile. Huu unamtazama mtoto aliyebaki bila baba, na gitaa lake linakwenda kama mtu anayetafuta la kumwambia asilipate.

Bendi inayoipa hoja yangu taabu ni Turnstile wa Baltimore. Maneno yao ni machache na ya jumla: upweke, mapenzi, muda unaopita. Ukiyasoma kwenye karatasi hujui yametoka wapi. Na bado Glow On ya 2021 ni miongoni mwa albamu zilizonifurahisha zaidi miaka hii, na Never Enough ya 2025 naisikiliza ingawa naiona imeoshwa mno studio. Jibu nililolipata liko nje ya maneno. Mei 2025, kabla albamu haijatoka, walipiga onyesho la bure katika bustani ya Wyman Park Dell, nyumbani kwao, na kuchangisha fedha kwa ajili ya Health Care for the Homeless, shirika linalowatibu wasio na makazi mjini humo. Katika maonyesho yao mashabiki hupanda jukwaani, huimba kwenye maikrofoni, hujirusha juu ya mikono ya wenzao. Kwa hiyo anwani yao ni ule mkusanyiko wenyewe. Ukiwa peke yako na spika za masikioni, kilomita maelfu kutoka Baltimore, kuna kitu hakikufikii, na sidhani kosa ni lako.

Sasa Nairobi. Mwaka 2020 Duma, wawili kutoka jiji hilo, walitoa albamu yenye jina la bendi kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Muziki wao ni tawi la panki lililokwenda kasi mpaka likakutana na mashine: dramu za kompyuta zinazofyatuka, mivumo, na sauti ya Martin Khanja, ajulikanaye kama Lord Spikeheart, ikipasuka kutoka tumboni. Duma ni giza kwa Kikuyu. Baadaye Khanja akatoa albamu yake binafsi, The Adept, mwaka 2024. Maneno mengi humo huwezi kuyashika, na ungeniuliza anwani iko wapi, ningekujibu kwa ukoo wake. Khanja ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha field marshal katika Mau Mau, aliyebaki msituni hadi uhuru wa 1963 na kutunza nywele zake za msituni hadi 2022. Alifariki mwaka uliofuata. Nikijua hilo, nasikia katika yowe la kitukuu chake watu ambao lugha ya kawaida haikutosha kusimulia waliyoyapitia. Wapo watakaosema namsomea yasiyokuwamo. Wasikilize kwanza kwa sauti ya juu.

Bendi inayonihusu zaidi, hata hivyo, ni Crystal Axis, vijana wa panki wa Nairobi. Wana wimbo uitwao "Leopold", unaomkabili mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo shamba lake binafsi na kuwaacha watu wake wakikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Wana wimbo mwingine uitwao "Nyayo House". Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo, ila kwa wengine: ni jengo refu la serikali katikati ya Nairobi, na katika miaka ya 1980 chini yake palikuwa na vyumba ambamo waliotuhumiwa kuipinga serikali ya Moi, wengi wao wakihusishwa na Mwakenya, kundi la siri la upinzani, walifungiwa gizani, wakamwagiwa maji sakafuni na kuteswa hadi wakubali mashtaka. Walikuwamo wahadhiri, wanafunzi, waandishi wa habari, watu wa kawaida. Na Nyayo House ni hapo hapo Wakenya wanapopanga foleni kuomba pasipoti. Unasimama na fomu zako, umevaa vizuri kwa ajili ya picha, na chini ya viatu vyako ndipo palipokuwa vyumba vile.

Hakuna panki ya London inayoweza kuandika wimbo huo. Ndiyo maana hoja ya kuiga hainisumbui tena. Gitaa la umeme halina uraia. Uraia unao wimbo, na wimbo huu una wa Kenya mpaka kwenye jina la jengo. Waliozaliwa baada ya enzi ya Moi hawakuambiwa shuleni vya kutosha kuhusu vyumba vile, na kizazi kilichoingia mitaani Juni 2024 kupinga Muswada wa Fedha kiliona kwa macho yake watu wakichukuliwa na magari yasiyo na namba. Wimbo kuhusu miaka ya 1980 umekuwa wa sasa bila kubadilishwa hata nota moja.

Anayetaka kuingia kwenye muziki huu, ushauri wangu ni aanze na "Nyayo House", na mara tu ukiisha aweke "In ár gCroíthe go deo". Mmoja ni wa watu walionyamazishwa chini ya jengo, mwingine ni wa familia iliyoambiwa maneno yake hayafai juu ya kaburi. Baada ya hapo Germfree Adolescents, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka. Majirani watagonga ukuta. Waambie ni Poly Styrene, binti wa Msomali, wa Brixton.